Ua la Honi Hutazama Nyuma

Ipyana, Kyela

Mwanangu mpendwa Gwakisa,

Ugonile, mwanangu. Nakusalimu kwa heshima anayostahili mtu mzima aliye safarini, na kwa unyenyekevu wa baba ambaye hajui kama salamu zake zitapokelewa. Naomba umsalimie mama yako mdogo Ester, aliyekupa kitanda, uji na ulinzi huko Ikombe tangu Pasaka ile. Mwambie shemeji yake anasema ndaga fijo, na kwamba shukrani hiyo ni ndogo kuliko deni. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo tangu mvua zianze hayanitii tena. Mpunga wa bondeni umesimama vizuri. Kaburi la mama yako nimelipalilia.

Nakuomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Ningeweza kusingizia mvua, au mitumbwi isiyotoka ziwa likichafuka. Ukweli ni kwamba kila nilipoketi kuandika niliyaona meno yako kwenye nyasi, na mkono ukakataa. Leo umelazimika, kwa kuwa nimesikia kesho unapanda meli Itungi kwenda ng'ambo, kwenye karakana ya misheni wanakotengeneza vyombo vya bendi. Mtoto akiondoka bila neno la baba yake, baba ndiye anayebaki amepotea.

Sitakuandikia habari za kushona nauli ndani ya kiuno cha suruali, wala za kuchemsha maji ya kunywa. Mama Ester amekwisha kukuambia hayo, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nitakuandikia juu ya shaba, kwa kuwa ndiyo kazi unayoiendea, na ndiyo iliyotuumiza.

Unajua kwamba misheni ilituachia honi mbili za mviringo, zile walizoziita honi za Kifaransa ingawa waliozileta hawakuwa Wafaransa. Bendi za jirani zilitucheka: "Wa Ipyana wanapuliza nyoka aliyejikunja!" Kwa macho zilikuwa mapacha. Lakini ukiligonga kwa ukucha ua, kama tunavyouita ule mdomo mpana uliochanua, moja ilijibu upesi kwa sauti nyembamba, na nyingine ikajibu polepole, kama mtu aliyeamshwa. Moja ilikuwa ya bati jembamba, nyingine ya bati nene.

Tofauti hiyo sikuelezwa na mtu. Mwalimu wetu wa bendi alikuwa na sala nyingi na fimbo moja. Aliyepewa honi nyembamba alipigwa kwa sababu ya kupasuka, maana honi ile ilisema mara tu unapoigusa kwa pumzi, lakini ukiisukuma kidogo zaidi ilibweka kama mbwa. Aliyepewa honi nene alipigwa kwa sababu ya kuchelewa, maana ile ilitaka pumzi nyingi kabla ya kuitika, ingawa ikishaitika ungeweza kuisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama na isipoteze utulivu. Kwa kupasuka tulichapwa sikioni; kwa kuchelewa, mgongoni. Kwa hiyo ukimwona kijana anatoka mazoezini ameshika sikio, ulijua leo alikuwa na honi ipi. Mwenzangu mmoja alitoka damu sikioni, na tangu siku hiyo ulilazimika kumwita kutoka upande wa kulia. Hakuna aliyesema kwamba kosa lilikuwa la bati. Sisi wenyewe hatukusema.

Mimi nikakua nikijisifu kwa kipigo kile. Umenisikia mara ngapi mezani nikiwaambia wageni kwamba sikio langu limelipiwa damu, na lililolipiwa damu halikosei? Mama yako alikuwa akitabasamu na kuongeza chai. Sasa natamani angenimwagia.

Honi nene iliibwa ghalani mwa kanisa, kama unavyojua, baada ya biashara kufunguliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu kuanza kupita na mizani yao juu ya baiskeli. Shaba ikawa na bei kuliko mpunga. Zilikwenda koki za mabomba, ikaenda kengele ya shule, zikaenda sufuria za wajane. Watu walisema honi yetu ilivuka Mto Songwe kuingia Malawi ndani ya gunia la maganda ya karanga. Mwezi huohuo walimkamata mtu mmoja Mbugani akiwa na koki mfukoni, wakampiga kwa matofali mpaka uso wake haukuwa na upande wa mbele. Nilipita pale. Nilivua kofia, nikasema "Mungu amrehemu," nikaendelea na safari yangu. Nilidhani adabu yangu imenitenga nao.

Na koki ya kisima cha Ambakisye nayo iliibwa. Huyu, ambaye alipuliza tromboni bega kwa bega nami tangu ujana wetu, alikaa mvua nzima akichota maji ya mto, na mjukuu wake wa kike akafa kwa kuhara. Tulimzika kwa nyimbo tatu. Nakukumbusha hili ili ujue ni moto gani ulikuwa umelala kifuani mwake siku ile. Kumtetea siwezi.

Mama yako alipofariki, wewe ndiwe uliyeipuliza honi iliyobaki, ile nyembamba, kwa kuwa meno yangu yalikuwa yameanza kulegea. Ulipuliza vizuri. Kisha kwenye utelezi wa kaburi ukaanguka juu yake, na ua likabonyea. Tangu hapo ulikuwa na siri, mwanangu, siri nzuri, na mimi niliiona kama kivuli cha kitu kibaya. Ulikuwa ukitoka na gunia na kurudi bila kusema. Uliipeleka kwa fundi baiskeli wa Mbugani, akalinyoosha ua kwa nyundo juu ya kipande cha ekseli ya lori. Uliona vanishi imeachia mabaka kama ukurutu, ukaikwangua yote kwa msasa, ukaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikawaka. Ulitaka Pasaka ya kwanza ya mama yako apuliziwe honi inayong'aa.

Wewe utafundishwa yaliyotokea ndani ya bati lile, nami nitaeleza niliyoyaelewa baadaye. Shaba ikipigwa nyundo inakuwa ngumu, na pale ilipopigwa inazidi kuwa nyembamba. Bila kupitishwa motoni na kupozwa, ugumu ule unabaki ndani yake, na sauti inatoka na makali. Msasa nao ulikula kidogo. Vanishi ilipoondoka, sauti ikawa wazi zaidi. Watu wa bendi hubishana sana juu ya vanishi. Wapo wanaosema inaifunika sauti kama blanketi, na wapo wanaosema anayehisi tofauti ni mpulizaji peke yake, midomoni na mkononi, wala msikilizaji hajui lolote. Zamani ningekupa jibu mara moja. Leo sina.

Alfajiri ya Pasaka tuligawana kama desturi ilivyo: kundi moja kanisani, kundi moja makaburini, wapulize huku na kule wakiitana mpaka wakutane. Mimi nilikuwa kanisani. Wewe ulikuwa makaburini, umesimama karibu na mama yako. Tukaita. Na ninyi mkajibu.

Nilisikia sauti nisiyoijua. Ilikuwa kali, ya njano, ikikata ukungu kama panga jipya. Nikawaambia walio karibu nami, "Ile si honi yetu." Nilisema mara moja, nikasema tena kwa nguvu. Nilipofika langoni mwa makaburi na kuiona inametameta, sikutazama zaidi. Nikapaza sauti mbele ya watu wote, nikiwa na kanzu yangu nyeupe:

"Simamisheni! Honi ya kanisa imeuzwa. Hii imewekwa badala yake!"

Ulicheka, Gwakisa. Ulidhani nakutania. Ukasema, "Tata, ni yenyewe. Nimeisafisha tu."

"Usiniite tata. Sikio langu halidanganyiki."

"Kwa hiyo ndiye!" Ambakisye akasema. "Koki yangu, kengele ya shule, honi ile nene. Tunamtafuta mwizi Malawi, kumbe anatupulizia tenzi!"

Mwingine nyuma akapiga kelele, "Mpeni apulize na ya kwetu, tusikie kama meno yatabaki!" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichofungulia kipigo. Ambakisye alikunyang'anya honi, akaizungusha kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, akakupiga nayo mdomoni. Nilisikia mlio wake. Ua likafumba. Ukaanguka juu ya tuta la mama yako, wakakukanyaga pale juu, vijana niliowafundisha kusoma noti, kwa viatu vya Pasaka. Mmoja alikuwa akikupiga mbavuni huku ameshikilia tarumbeta lake juu lisichafuke.

Nilisimama. Nataka uelewe kwamba sikushikwa na hofu. Nilisimama kwa kuwa niliamini haki inatendeka, na nilisikitika tu kwamba ilikuwa ya kelele namna ile.

Aliyekuja ni mama yako mdogo. Alitoka kwenye safu ya kwaya ya akina mama, akakulalia juu kifudifudi, akapokea mateke yaliyokuwa yako. "Niueni mimi!" alipiga kelele. "Niueni, mje mle nyama ya dada yangu yote!" Ndipo miguu ikasita. Honi ikasukumwa mpaka kwenye viatu vyangu, nami nikainama kuichukua, na kidole changu kikagusa ndani ya shingo ya ua uvimbe mdogo wa lehemu. Kiraka kile nilikitia mwenyewe, kwa mkaa na kipande cha risasi ya kulehemia, kabla hujazaliwa. Kilikuwa kimelowa damu yako, na kilikuwa bado na joto la pumzi yako.

Hapo ningeweza kupiga magoti. Badala yake niliinua fimbo yangu ya mpingo, nikampiga Ambakisye kati ya shingo na bega, kwa nguvu ambazo sikujua ninazo bado. Mtulinga wake ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Nilimpiga kwa neno nililosema mimi. Ulikuwa umezimia, hukuliona hilo, na sijui kama umewahi kuambiwa.

Mbele ya wazee wa kanisa niliomba msamaha, wewe ukiwa hospitalini. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa kiti. Lakini heshima ile ilinichoma, maana hakuna aliyekupa wewe hata nafasi ya kumaliza sentensi.

Nilikuja Ikombe ulipoanza kupona, na mkungu wa ndizi, na pole nyingi nilizozikariri ndani ya mtumbwi. Hukutoka. Niliuona mgongo wako nyuma ya safu ya vyungu vibichi, na sikukulaumu. Mama Ester alikuwa akipiga ukingo wa chungu kwa kifundo cha kidole, akiinamisha kichwa, akikipeleka upande huu au ule.

"Karibu, shemeji," akasema bila kuniangalia. "Umekuja kusikiliza vyungu au watu?"

"Nimekuja kuomba radhi, shemeji."

"Radhi zipo ndani, zinajificha nyuma ya vyungu. Keti." Akagonga kingine. "Hiki chembamba. Kinaimba sana, lakini ukikiweka motoni kwa haraka kinapasuka. Nikuulize. Ua la honi linatazama wapi mtu akipuliza?"

"Nyuma," nikasema. "Linatazama nyuma ya mpulizaji, na mkono wake wa kulia unakaa ndani yake."

"Na nyuma ya bendi hutembea nani?"

Akagonga chungu kingine, kisha akajijibu mwenyewe.

"Sisi kwaya. Miaka yote ile wewe ukipuliza, sauti ilikuja kwetu. Wewe ulikuwa unasikia ya pembeni, na ya kwenye mifupa yako. Siku ile sisi tuliokuwa nyuma ya mtoto tulisikia honi ileile. Imekuwa kali kidogo, basi, kama mtu aliyenyoa ndevu. Dada yangu angeijua. Nani alituuliza?"

Hakuna, mwanangu. Nimeipuliza honi ile sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijawahi kusimama mbali nayo, upande ule inakotazama, mtu mwingine akiipuliza alfajiri. Sauti niliyoiita sauti ya honi yetu ilikuwa sauti ya mahali nilipokaa. Nimeshika ua lile kwa mkono wangu wa kulia, nikaliziba na kulifungua, na sikuwahi kujiuliza yanayotoka pale yanamfikia nani.

Ambakisye alikuja nyumbani baada ya mavuno, mkono umefungwa kwa kanga ya mkewe. Nilidhani amekuja kuniua, nikamkaribisha. Alikaa, akatazama ukuta ilikotundikwa honi, akasema, "Mwalimu, wewe umenivunja bega, tromboni haifiki tena noti za chini. Mimi nimemvunja mtoto meno. Bendi yetu sasa imebaki na ngoma."

"Na mpiga ngoma ni kiziwi," nikasema.

Alicheka mpaka akashika bega kwa maumivu, kisha akalia, kwa sauti mbaya sana, kama ng'ombe. Tukala ndizi na samaki mbasa bila kusema lingine. Tangu siku hiyo huja. Hatusameheani kwa maneno. Huwa ananishikia ngazi nikipanda kuziba paa, nami huwa nikiwa juu nakumbuka kwamba anaishika kwa mkono mmoja.

Sasa nikuambie ninachokiogopa. Kule karakana watakuonyesha maua mapya, ya bati nene, yaliyopakwa vanishi kama kioo, nao watakuambia, na watakuwa na haki, kwamba honi hii ninayokutumia haifai. Bati lake lilikuwa jembamba tangu mwanzo, fundi baiskeli akalipiga, wewe ukalikwangua, Ambakisye akalifumba. Kunyoosha ua lililofumba ni kulipiga tena, na lisipopitishwa motoni kwanza litapasuka kwenye mkunjo. Likipitishwa motoni litalegea, na sauti itakayotoka haitakuwa ile ya zamani wala ile ya Pasaka. Itakuwa ya tatu. Mimi sikuombi unirudishie sauti yoyote. Ukiitia ua jipya nene, ni sawa. Ukiikata uifanyie vipuri vya honi nyingine, ni sawa. Ukiiyeyusha, nitakuwa nimekwisha kuvua kofia, na safari hii sitapita.

Jambo moja nitakuomba, na unaweza kulikataa. Wakikuletea chombo na kusema kina kosa, tafuta aliyekuwa amesimama mbele ya mdomo wake kilipolia, umsikilize amalize. Mimi nilikuwa na mtoto wangu mbele yangu ananiambia jambo lenye maneno machache tu, nikamkatiza.

Nilijidhania mtu wa bati nene, Gwakisa. Mpole, mkimya, mgumu kuchokozwa. Watu waliniamkia kwa kofia mkononi, nikaamini. Kumbe nilikuwa chembamba kile kilichopigwa utotoni na hakikupitishwa motoni hata siku moja, kimepakwa vanishi tu ya misheni. Na siku kiliposukumwa, kilibweka. Sijui kama mtu wa umri wangu anaweza kulegezwa tena. Najaribu. Mara nyingine naamka na kumkuta yule mwalimu wa bendi amesimama ndani ya mkono wangu.

Damu iliyo kwenye kiraka sikuifuta. Nilijaribu nikashindwa, kisha nikaona si haki yangu kuifuta. Utaikuta pale, imekuwa nyeusi. Wewe utaamua.

Mama yako angekuimbia. Mimi sina sauti, na wewe kwa sasa huna midomo ya kupuliza, ingawa daktari alisema meno ya bandia yanapatikana kwa wanaovumilia. Nakubariki kwa mkono uleule ulioinua fimbo, kwa kuwa sina mwingine. Kama hutaki baraka yake, mpe Mungu akutunzie mpaka utakapoihitaji.

Anayekuletea barua hii ni Ambakisye. Mimi sikumtuma, aliomba mwenyewe, nami nilimkatalia mara nyingi kabla ya kukubali. Atakuwa gatini Itungi kabla meli haijafunguliwa kamba, na honi atakuwa ameibeba mgongoni, kwenye gunia, upande wa bega zima. Ameahidi hatasema neno mpaka wewe useme. Usipotaka kumwona, geuza uso tu, ataelewa, na atarudi nayo. Nitakuwa barazani nikitazama barabara ya Itungi. Nikimwona anakuja mgongo wake ukiwa mtupu, nitajua. Na nikimwona anakuja ameinama, nitajua pia, nami nitakwenda kumpokea mzigo kabla hajafika langoni, maana bega lake moja halitoshi.

Ni mimi baba yako.